Tanki Letu la Mkoroshoni

Enzi zetu pale Chilangala maji yalikuwa na miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya kwetu sisi watoto wa kike. Nyinyi mliokulia juu ya uwanda wa Makonde mnanielewa bila maelezo. Kwa aliyekulia kwingine nitasema tu kwamba kijiji kiko juu, maji yako chini, na katikati kuna mteremko ambao kuushuka ni mchezo na kuupanda na dumu kichwani ni adhabu. Tulishuka alfajiri tukiimba. Tulipanda kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi zake, na ukifika nyumbani jua limeshatoka unapangusa vumbi miguuni na kukimbilia shule. Siku ya Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana mwalimu alitaka kila mwanafunzi aje na dumu lake la maji ya kumwagilia maua. Maua ya shule yetu yalikunywa kuliko sisi.

Leo nafundisha shule ya msingi Masasi mjini, na watoto wangu wa darasa la tano wakisikia habari hizi wananitazama kama ninayewasimulia habari za mwezini. Wao bomba linatiririka huku mtu anapiga mswaki na jicho liko kwenye simu. Maji yakikatika siku mbili wanalalamika mtandaoni. Sisi tungelalamikia wapi, na mikono yote miwili imeshika dumu?

Lakini jamani, msinionee huruma, tulikuwa na raha zetu! Msimu wa korosho ukifika tulitembea na midomo myekundu, magauni yana madoa ya maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Mama alikuwa anasema, "Gauni la mkoroshoni ni moja, ukilichafua utavaa hilo hilo mpaka uolewe." Tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, ya kuchemsha na chumvi, tunaimenya inatuunguza vidole. Tulitafuna kochoho, yale mabibo yaliyokaushwa juani mpaka yanavutika kama ngozi. Tulicheza kwa korosho mbichi, tunazipanga mstari na kuzirushia jiwe, na aliyekosa anatoa zake. Na tulikaanga korosho uani kwenye kipande cha debe kilichotobolewa, tukisimama mbali na kugeuza nyuso, maana ganda la korosho likipata moto linatema mafuta, na mafuta yale yakikugusa ngozi inababuka. Alama hii iliyopo kwenye shavu langu la kushoto, ambayo wanafunzi wangu wanadhani ni ya ndui, ni ya mafuta hayo. Nitafika hapo.

Wa kucheza naye alikuwa mmoja, Zuhura, binti wa mama yangu mkubwa. Alinizidi mwaka mmoja na akili za ujanja mara mbili. Mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Zuhura, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, akiwa na mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Mashamba yalikuwa yameshagawanywa. Bibi, mama yao, hakuwa na ardhi ya kumpa, akamwonyesha mkorosho mkubwa uliokuwa nyuma ya jiko na kumwambia ule ni wake. Kwetu mtu anaweza kuwa na mti bila kuwa na ardhi uliposimama, na hakuna wa kumuuliza. Siku mkorosho ukianguka, ndipo anaweza kuulizwa anakaa pale kwa sababu gani.

Basi Mama Zuhura akaishi kwa mkorosho ule. Aliokota korosho zake, akazibangua maganda mwenyewe, na akawabangulia na wengine. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, ngozi ya viganja ikitoka maganda maganda kwa sababu ya mafuta yale. Hakuwa mtu wa maneno mengi na hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Ukimpitia karibu na mikono mitupu anakupa ungo.

Sasa mkorosho ule ulikuwa na tundu. Miaka ya nyuma Mjomba, kaka yao mkubwa, alikata tawi lililokuwa limelalia paa la jiko. Alikata vibaya, akaacha kisiki kirefu, kisiki kikafa na kuoza katikati, pakabaki shimo lililotazama juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Asubuhi moja mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, Zuhura aligeuza kinu, akasimama juu yake kuchungulia, kisha akanigeukia macho yamemtoka.

"Somoe," akasema, "kuna maji humu."

Nielezeni mlivyolelewa nyinyi. Sisi tulilelewa kwamba maji hayaachwi. Mvua ikinyesha tulitoa masufuria, mabakuli, vifuniko, hata kinu chenyewe, kukinga matone ya paani. Mtu aliyeacha maji yapotee alisemwa kama aliyetupa chakula. Kwa hiyo watoto wawili wa Chilangala waliokuta maji ndani ya mti, nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka mlangoni, wangefanya nini zaidi ya kushukuru na kupanua?

Tukapanua! Zuhura alileta kisu cha jikoni, mimi nikaleta kijiko cha Bibi. Ubao wa ndani ulikuwa laini, unatoka kama mkate uliolowa, una harufu ya uyoga na ya pombe kwa mbali. Tulichokonoa siku tatu, zamu kwa zamu, mmoja juu ya kinu na mwingine akilinda. Tulikuwa tumeonywa kwamba msichana anayesimama juu ya kinu harefuki, na mkiniona leo mtajua kwamba onyo lile lilikuwa la kweli. Siku ya tatu kijiko kikaniteleza, kikadumbukia kwenye ufa uliokuwa chini ya shimo, mkono wangu haukukifikia. Kilikuwa kijiko cha mpini uliopinda, na kwenye mpini Bibi alikuwa amekata alama zake tatu kwa kisu. Vyombo vyake vyote alivitia alama hiyo, ili vikiazimwa kwenye harusi na misiba virudi. Alikitafuta mwezi mzima, mwishowe akawasingizia kunguru. Mimi nikakaa kimya, nikala kwa mkono.

Na tanki letu likajaa. Mvua mbili tu na tukawa na maji ya kujaza dumu moja na nusu. Alfajiri tulitoka na wenzetu, tukajificha nyuma ya migomba, tukasubiri msafara upotee mteremkoni, kisha tukarudi kinyumenyume hadi mkoroshoni. Tulichota kwa kikombe, tukajaza, tukalala tena chini ya mgomba mpaka jua lichomoze, halafu tukaingia uani tunahema kwa nguvu. Zuhura hata alikuwa anajimwagia maji kidogo kwenye paji la uso yawe jasho. Raha ya siku zile sijaipata tena mpaka leo, hata siku nilipopata ajira.

Tatizo likawa rangi. Maji ya mti ni ya kahawia, na yana ladha ya ukakasi, kama umelamba ganda la mti. Mama alionja, akatema. Bibi akaonja, akasema kisima kimeharibika. Habari ikatoka uani kwetu ikaenda kwa jirani, jirani naye akawa ameona kwamba kweli maji ya juzi hayakuwa mazuri, na wa tatu akasema tumbo lilimsumbua. Kufikia Ijumaa Mjomba alikuwa ameita watu. Wanaume wa kijiji kizima walishuka bondeni na majembe, wakakomba kisima kutwa nzima, wakatoa matope yasiyo na hatia yoyote, wakakijengea mawe upya. Mimi na Zuhura ndio tuliopelekwa kuwashushia uji. Tulisimama pale kisimani na sufuria mikononi, tukitazama maji yanayotoka chini meupe pee, na Mjomba akajipangusa jasho na kusema sasa yamepona.

Tuliona aibu, lakini hatukuacha. Msimu ule wote wa mvua tulichota, na msimu uliofuata tukachota tena.

Baada ya mvua za pili ndipo mkorosho ulipoanza kusema. Majani ya upande wa jiko yakawa ya njano wakati upande wa pili ni ya kijani. Kisha, chini ya shimo letu, ubavuni mwa shina, ukachomoza uyoga. Haukuwa ule wa kupika. Ulikuwa mgumu kama soli, wa kahawia juu na mweupe ukingoni, umejibandika kwenye gamba, mmoja juu ya mwingine. Mjomba alikuja na shoka. Aligonga shina kwa kisogo cha shoka mara mbili tatu, akasikiliza.

"Nti huu ndani hauna kitu," akasema. "Utaangukia jiko. Naukata kabla ya mvua."

Mama Zuhura alikuwa anabangua. Hakuinua uso. Aliuliza tu kama anaweza kuachiwa mpaka mvua zijazo zipite. Mjomba akasema mvua hizo hizo ndizo zitakazouangusha. Yeye akasema, kwa sauti ile ile, kwamba ukianguka uanguke juu yake, yeye ndiye anayelala karibu na jiko. Mjomba akatazama shoka lake, akatazama vile vidole vyeusi, akaondoka. Tukajua amekubali, na tukajua ni mara moja tu.

Mimi na Zuhura siku ile tulikaa kwenye mkeka tukichambua mbaazi, na kila nilipoinua macho nilimkuta ananitazama. Mti ulikuwa wa mama yake. Usingekuwepo mti, wangekwenda wapi? Nilikuwa na miaka kumi na nilijua kabisa kwamba ule uyoga niliupanda mimi kwa kijiko cha Bibi.

Kesho yake Mama Zuhura alipanda juu ya kinu, akaingiza mkono kwenye shimo mpaka begani. Tulisimama pale tukimtazama. Alikoroga humo ndani kwa muda mrefu. Alipotoa mkono aliufunga ngumi, akaupeleka kwenye pindo la khanga yake, akashuka. Akasema, "Nyie wawili, leteni ndoo." Basi. Hakuuliza nani, hakuuliza lini.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka. Mama Zuhura hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la pili. Lakini alikuwa ameona kitu. Nguzo za jiko lake alizipaka mafuta ya maganda ya korosho, na za jirani hakuzipaka. Za jirani zililiwa na mchwa na kuota ukungu, zake zikabaki ngumu. Mpini wa jembe lake, hivyo hivyo. Akajiuliza, kama mafuta haya yanakilinda kijiti kilichokufa kisioze, hayatauponya nti ulio hai?

Alianza kwa kukosea. Alichagua tawi dogo lenye jeraha, akalipaka lote, ndani na nje. Baada ya siku nne gamba la tawi lilikuwa limekauka, jeusi, linabanduka kama ngozi ya viganja vyake. Zuhura alilia kwa siri siku hiyo, akidhani ndiyo mwisho. Mama yake alilishika lile tawi, akaligeuza geuza, kisha akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Alituonyesha kwamba gamba limeungua, lakini ubao wa katikati ulikuwa mkavu, safi, bila chembe ya uyoga. Akasema mafuta haya hayachagui, sisi ndio wa kuchagua. Ubao uliokufa upakwe. Gamba lililo hai lisiguswe hata kwa tone.

Ilikuwa kiangazi, na kiangazi kizima tukawa wafanyakazi wake. Kwanza tulimaliza maji yote ya tanki letu, tukayakausha kwa matambara. Kisha tukakwangua. Kilichokuwa laini chote kilitoka, kwa kisu, kwa patasi ya kuazima, kwa kucha, mpaka ubao ukalia ukiugonga. Ule uyoga wa ubavuni aliubandua na kuuchoma moto, akatukataza kuuacha hata kipande. Shimo likaachwa wazi wiki tatu lipigwe na upepo. Maganda ya korosho aliyajaza kwenye debe lenye matundu chini, akalipandisha juu ya sufuria iliyofukiwa ardhini, akawasha moto kulizunguka. Moshi wake mzito na mweusi ulikaba koo, na majirani walifunga milango. Mafuta yalidondoka polepole, meusi kama lami.

Alitufunga mikono kwa mifuko, akatupa brashi za makumbi ya nazi yaliyopondwa. Yeye alipima mafuta kwa kijiko cheusi kilichofungwa mpini kwa mpira wa baiskeli, vijiko viwili kwa kila kopo, hakutaka tumwage. Tulipaka ndani ya shimo, tukaacha likauke, tukapaka tena, mara ya tatu tukapaka mpaka kwenye ule ufa. Ukingoni, pale gamba hai linapoanzia, alikuwa amezungushia udongo mfinyanzi ili mafuta yasivuke. Zuhura alikuwa mwangalifu kama anayemnyoa mtoto. Mimi nilitaka kuona ndani vizuri, nikaingiza kichwa, brashi ikanirudia shavuni. Nilipiga kelele zilizosikika msikitini. Mama Zuhura alinipangusa kwa mafuta ya nazi na kuniambia sasa najua kinachousubiri ule uyoga ukirudi.

Mwisho aliweka kifuniko. Alikata kipande cha bati, akakipinda, akakipigilia upande mmoja juu ya kisiki ili mvua isiingie tena. Hili ndilo lililowashangaza watu. Mjomba alipoona alisimama mikono miwili kiunoni.

"Dada, wewe unafukuza maji?"

"Nayafukuza," akajibu. "Humu yalikuwa na kazi mbaya."

Mvua zilipokuja tulizitazama kama hatujawahi kuona mvua. Kila radi, mimi na Zuhura tulishikana mikono. Upepo ukivuma tulisikiliza kama kuna kitu kinavunjika. Na alfajiri tukashuka bondeni na madumu yetu kama wenzetu, bila kujificha popote, na hakuna aliyejua kwa nini wasichana wale wawili wamekuwa wachapakazi hivyo. Bibi alisema tumekua.

Siku Mjomba aliporudi na shoka, mvua zilikuwa zimekwisha. Alizunguka mti mara moja. Alitafuta uyoga ubavuni, hakuuona. Alipanda juu ya kinu, akainua bati, akaingiza mkono, akanusa vidole. Ndani palikuwa pakavu! Halafu akaona kile ambacho sisi tulikuwa tunakipapasa kila asubuhi tangu mwezi uliopita: gamba kuzunguka shimo lote lilikuwa limevimba mdomo, jipya, la rangi ya waridi, linajikunja kuelekea ndani. Na upande wa jiko, kwenye ncha za matawi, majani machanga mekundu yalikuwa yanatoka.

Mjomba alishuka, akaegemeza shoka ukutani, akauliza chakula kiko tayari au bado. Mama Zuhura akampakulia. Zuhura akaanza kuruka kamba bila kamba, anaruka tu uani peke yake, nami nikajiunga naye, tukaruka mpaka Bibi akatufukuza kwa vumbi.

Miaka imekwenda. Mjomba na Bibi wametangulia mbele ya haki. Zuhura ana genge lake Nanganga, kando ya barabara, anauza korosho za kukaanga kwa abiria. Binti yake, Rehema, amesomea magonjwa ya mimea chuoni. Na mwezi uliopita Rehema alinipigia simu Masasi anazungumza haraka haraka hata sikumwelewa, akisema mama mdogo panda gari uje Chilangala, sasa hivi, nina kitu cha kuwaonyesha.

Nikapanda gari. Nilimkuta Mama Zuhura amekaa uani, amepungua, nywele nyeupe, vidole vyeusi vile vile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa ungo. Mkorosho upo, jamani! Umetanda mpaka kwa jirani. Mikorosho ya rika lake karibu yote imeshaanguka, mingine imekatwa mkaa, na mkorosho huu wenye tundu bado unaangusha korosho.

Rehema alitoa kwenye boksi visahani vya kioo vyenye vifuniko. Alikuwa amechukua uyoga kutoka kwenye mkorosho mwingine unaokufa pale kijijini, akauotesha ndani ya visahani. Kwenye kisahani cha kwanza kuvu ilikuwa imetanda nyeupe kama pamba, ukingo hadi ukingo. Kwenye cha pili alikuwa ameweka katikati tone la mafuta ya maganda aliyochota kwenye kopo la bibi yake. Kuvu ilikuwa imetambaa kutoka pande zote, ikafika karibu na tone, ikasimama. Palibaki duara safi, tupu. Niliinua kile kisahani juani nikakitazama mpaka macho yakaniuma, na mkono ukanigusa shavu wenyewe.

"Bibi yangu hakukosea," Rehema akasema. "Mkorosho unajitengenezea dawa ya kuvu, mama mdogo. Ila unaiweka kwenye ganda la korosho, kumlinda mtoto wake. Kwenye ubao wake wenyewe hauweki ya kutosha. Bibi aliichukua kwa mtoto akampelekea mama."

Alinionya nisikimbilie kutangaza. Anasema visahani viwili si ushahidi, anatakiwa kurudia mara nyingi, na kwenye miti mingi. Anasema pia kwamba bati lilifanya nusu ya kazi, na mti wenyewe ulijifunga kwa ndani. Mafuta mabichi ni makali mno na anataka kuyapunguza yasiunguze gamba. Sawa, msomi. Mimi nilikuwa nimeshamkumbatia na kisahani mkononi.

Kisha akaenda kulipima tundu. Midomo ya gamba imekaribia kukutana, imebaki nafasi isiyopitisha hata ngumi ya mtoto. Alimulika ndani kwa simu, akasema kuna michubuko ya zamani humu, mtu alichokonoa kwa makusudi kabla ya kupakwa dawa. Akageuka kumuuliza bibi yake nani aliuumiza mti huu.

Mama Zuhura aliendelea kubangua. Na mimi, mwalimu mzima, mwenye wajukuu, nikauweka ungo chini. Nikasema. Nilisema yote, kinu, kisu, maji ya kahawia, Mjomba na wanaume wenzake waliokomba kisima kisicho na kosa, kijiko kilichodumbukia. Niliongea nikiangalia chini, na nilipomaliza nikamwomba radhi, nikamwambia tulikaribia kumwondoa nyumbani kwake kwa uvivu wa kushuka mlima.

Alinyoosha mkono kwenye kopo lake, akatoa kile kijiko cheusi, kile kile cha kupimia mafuta, ambacho siku kadhaa nyuma Rehema alikuwa amechotea dawa ya visahani vyake. Alichukua kisu cha kubangulia, akakata ule mpira wa baiskeli uliokuwa umezeeka kwenye mpini, akaufungua pole pole, akanipa. Chini ya mpira bati la kijiko lilikuwa bado jeupe. Mpini ulikuwa umepinda. Na zilikuwepo alama tatu.

Nikakaa chini kwenye maganda.

"Ningesema," Mama Zuhura akasema, "mama yangu angewachapa siku moja, yakaisha. Mimi nilitaka mikono. Nkorosho ulikuwa unakufa."

Nikampigia simu Zuhura hapo hapo, nikamwambia. Upande wa pili nilisikia magari yanapita. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya msichana wa miaka kumi na moja, kama mama bado ana hasira. Nikafikisha swali. Mama Zuhura akasema mwambie aje abangue gunia moja ndipo atajibiwa. Rehema alicheka mpaka akashika mti.

Siku hizi pale uani kuna bomba. Mtoto wa jirani alikuja na ndoo, akaikinga, akaiacha imwagike huku anaandika kwenye simu, na sikumgombeza, nilimfungia tu bomba. Sisi tulikuwa na mlima, na adabu ya tone, na mtu mzima aliyeweza kulijua kosa lako miaka arobaini na bado akakupa ungo. Wao wana maji, na wana Rehema wa kuwaeleza kwa nini mti umepona. Sijui kama ningebadilishana nao.

Kabla sijaondoka nililifungua lile bomba, nikakinga kiganja, nikanywa. Maji yalikuwa safi, ya baridi, meupe pee, na hayakuwa na ladha ya kitu chochote.